Traksuti ya Zambarau na Kastadi ya Hotelini

Ilianza Jumapili, saa kumi na dakika ishirini alasiri, nyuma ya jengo letu la Al Quoz, pale penye mabomba ya kufulia. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa naiangalia. Mkenya ninayelala naye chumba kimoja alikuwa ameniambia kwamba jua la saa kumi na nusu ndilo linalopendeza kwenye picha, nami sikutaka kulikosa. Nilikuwa natimiza miaka thelathini, na mama alitaka picha.

Nilivaa traksuti mpya. Hapa inabidi nieleze, maana bila traksuti hakuna cha kusimulia. Sisi tunaofanya usafi Dubai tuna sare mbili. Ya kwanza ni ya kampuni, ya kijivu, mfuko mmoja. Ya pili ni ya kurudia nyumbani. Hiyo ya pili hakuna aliyeitangaza popote, ila kila mtu anaijua: traksuti inayong'aa na raba nyeupe. Nenda uwanja wa ndege siku yenye ndege ya Dar, utadhani timu ya taifa ya riadha inasafiri, kumbe ni wapishi, mayaya na wafunga nondo. Hakuna anayekimbia. Mimi mwenyewe nikipanda ngazi natafuta ukuta wa kuegemea. Lakini traksuti inasema mambo yako yako sawa, na mama yangu, ambaye ni mtu wa kwaya na huamini sare kuliko maneno, alikuwa anasubiri kuiona.

Yangu ilikuwa ya zambarau, mistari miwili myeupe kwenye mikono na miguu, zipu inapanda mpaka kidevuni. Kampuni ambayo jina lake limeandikwa kifuani siitaji, na nadhani yenyewe ingeshangaa kusikia kwamba iliitengeneza.

"Simama hapo kwa ukuta," Mkenya alisema. Simu alikuwa ameishika kwa mikono miwili. "Inua kidevu, Bongo. Usikae kama mtu amefiwa."

"Nimekaa vizuri."

"Umekaa kama picha ya pasipoti."

Nikainua kidevu. Ndipo ndoo ya kwanza ikaja.

Kwetu, na kwao Kenya, na kwa Mganda anayelala kitanda cha juu yangu, mtu humwagiwa siku yake ya kuzaliwa. Maji ndiyo msingi. Wenye uwezo huongeza unga, wenye kinyongo huongeza mayai. Heshima ya anayemwaga ni kuvizia, na heshima ya anayemwagiwa ni kupiga kelele na kukimbia, lakini asikimbie sana. Hayo yote niliyajua. Nilidhani tu kwamba Dubai hatuna nafasi ya mambo hayo, na nilisahau kwamba Mganda anafanya kazi kwenye jiko linalopikia mahoteli, na kwamba katika jiko hilo vitu vizuri hutupwa kila siku. Siku hiyo alikuja na ndoo ya kastadi. Ndoo nzima, ya manjano, nzito kama uji uliopoa.

Maji yalinipata kichwani. Unga ukafuata. Halafu Mganda, polepole, kama fundi anayepaka rangi ukuta anaoupenda, akaanza kuimimina kastadi kuanzia begani, huku akiniita bibie kwa Kiganda chake.

"Banange, simama, nyabo! Utaiharibu! Hii ni ya vanila!"

Nilicheka. Siwezi kusema uongo, nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye sementi, na kicheko changu ni kibaya, kinakoroma. Mimi ni mtu wa haya. Tangu kidato cha pili naandika shajara, na humo ndani ni msemaji kama mtangazaji wa mpira, lakini mdomoni hakuna kitu. Watu wa chumbani walikuwa hawajawahi kunisikia nikicheka hivyo. Mkenya alirekodi mwanzo mpaka mwisho, na jioni hiyo akaiweka video mtandaoni, kwenye ukurasa wake ambao siku zote ulikuwa na chapati, misuko ya nywele na ushauri kwa wanaokuja Dubai. Hakuniuliza. Nami sikumwambia kitu. Vitu vya kuambiana mimi naviandika tu.

Traksuti niliifulia pale pale bombani. Kastadi yote iliteleza ikaenda. Haikuacha hata alama. Mganda, ambaye fulana yake ya pamba ilipata tone moja tu, ana doa hadi leo, na husema ni laana ya kupoteza chakula.

Siku nne zilipita kimya. Video za Mkenya zilikuwa na watazamaji wao: dada zake, na jamaa mmoja wa Nakuru anayempenda bila matumaini. Siku ya tano Mkenya akatikisa kitanda changu kabla ya kengele ya basi.

"Bongo. Bongo! Tumetrend!"

Tuliangalia wote watatu, vichwa vimegongana. Maelfu ya watu walikuwa wameiona. Maoni yalikuwa mengi kuliko tulivyoweza kusoma kabla ya basi. Ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja aliyesema hongera kwa siku ya kuzaliwa. Mmoja aliuliza kitambaa ni cha aina gani. Mwingine, zipu ni ya chuma au ya plastiki. Wa tatu aliisifu kola kwa maneno ambayo mimi sijawahi kuisifia nguo yoyote. Wa nne alitaka kujua, kwa heshima kabisa, kwa nini hatukuitumia kofia iliyo nyuma ya shingo.

"Hawa ni watu wa kampuni," Mkenya alisema. Alikuwa amekaa wima kama aliyepigiwa simu na ikulu. "Za nguo za michezo. Nani mwingine anauliza kitambaa?"

"Mtu wa kampuni anauliza kwa nini hatukumwaga ndani ya kofia?" Mganda alisema.

"Wanapima kama inapitisha maji! Hujui kazi ya watu, wewe."

Leo nacheka, lakini siku ile ilionekana ni akili. Mji huu kila mtu anauza kitu. Anayekusalimia anauza laini ya simu, anayekutabasamia anauza kiwanja kwao. Ukikaa hapa miaka mitatu, mtu akikuuliza habari za kitambaa, kichwa chako hakina mahali pengine pa kwenda: huyu ni mfanyabiashara wa vitambaa. Mkenya alishajiona balozi wa nguo za michezo, ameacha kusugua vyoo vya maduka, picha yake imebandikwa ubavuni mwa basi. Alimwagiza Mganda atafute ndoo nyingine. Mimi akanipa nywila ya ukurasa wake.

"Traksuti ni yako. Jibu maswali."

"Nitasema nini?"

"Ukweli. Wazungu wanapenda ukweli."

Mtu mwenye haya akipewa kibodi ni hatari. Nilijibu kila swali kama mtihani wa taifa. Niligeuza kola nikasoma lebo ya ndani: poliesta tupu. Zipu ya plastiki. Ndiyo, inakauka haraka. Hapana, haivuti joto, ila mchana wa Agosti usithubutu. Walinishukuru kwa mioyo ya kila rangi.

Mmoja wao nilianza kumsubiri. Picha yake ilikuwa kichwa cha treni, na kila sentensi yake ilikuwa na "tafadhali" au "kama si usumbufu". Aliniuliza kama mlio wa mikono ya traksuti ikisuguana hubadilika ikilowa. Swali hilo halijawahi kuulizwa na mtu yeyote ninayemfahamu. Nikaingia bafuni, nikailowesha upande mmoja, nikasikiliza. Nikamwandikia: ikiwa kavu inasema shwa-shwa, ikilowa inanyamaza kabisa, kama mtu aliyekaripiwa. Akasema hajawahi kupata jibu zuri kama hilo. Sitaficha, nilitembea na sifa hiyo siku mbili.

Jumanne nasafisha nyumba moja Al Warqa. Madam wa pale si mtu mbaya. Ananiita habibti, yaani mpenzi, nadhani kwa sababu jina langu halijampata bado, na sasa ni mwaka wa pili. Jumanne hiyo nilimkuta jikoni anacheka na simu mpaka machozi.

"Njoo, njoo uone. Wamenitumia rafiki zangu wa mazoezi."

Nikasogea na mopu yangu. Nilikuwa mimi. Nimekaa kwenye sementi, nakoroma kwa kicheko, natiririka vanila.

"Maskini!" madam alisema. "Angalia walivyomfanya!"

"Ndiyo, madam. Maskini."

"Ni wa wapi huyu, unafikiri?"

"Sijui, madam. Labda Afrika."

"Anafurahi lakini. Mashallah."

"Anaonekana anafurahi, madam."

Akaivuta picha kwa vidole viwili mpaka jicho langu lenye unga likajaa kioo kizima. Akaliangalia. Halafu akaniangalia mimi, moja kwa moja, akaniambia leo nisisahau nyuma ya friji.

Nilipaswa kushukuru, na nilishukuru, mpaka nilipopanda basi la kurudi. Njiani ndipo ikaniingia. Jicho lile la kwenye kioo na hili la nyuma ya friji bado hayajakutana, alhamdulillahi kama wasemavyo majirani zangu, lakini je, siku yakikutana? Na si madam tu. Nilikuwa ndani ya simu za wanawake wa mazoezi, waume zao, madereva wao. Kicheko changu, ambacho nimekificha miaka thelathini, kilikuwa kinazunguka dunia peke yake bila mimi. Mtu pekee ambaye hakuwa ameniona ni mama, aliyekuwa bado anauliza kila siku picha iko wapi, maana ile ya wima, kidevu juu, haikuwahi kupigwa.

Nilitaka itolewe. Hicho tu. Lakini kwa Mkenya ilikuwa imeshakuwa zaidi ya video. Alikuwa anaamka akiimba.

Basi nikafanya kama wafanyavyo waoga: badala ya kusema na mtu aliye kitanda cha jirani, nikamwandikia mtu aliye bara jingine. Nilimuuliza yule wa treni, kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne: naomba kufahamu, wewe ni wa kampuni gani?

Alipojibu aliandika kwamba yeye si wa kampuni yoyote. Anaendesha treni, kweli treni, kwenye nchi yenye mvua, na ana miaka hamsini na minane. Yeye na wenzake, wote watu wazima, wanapenda mchezo wa kuchafuana: kumwagiwa, kupakwa, kuzamishwa kwenye uji na matope, au kuangalia wengine wakifanyiwa hivyo wakiwa wamevaa. Kwa wengi wao si mzaha tu, ni jambo la mapenzi, la mwili. Alilisema hivyo hivyo, bila kuzunguka. Halafu akaongeza: "Nilidhani unajua. Majibu yako yalikuwa ya mtu anayejua."

Nilikuwa nimekaa ngazini. Nikaizima simu nikaiwasha tena, kama vile ujumbe ungebadilika. Nilitafuta hasira, nikaona ni wajibu wangu kuwa nayo, lakini kilichokuja kwanza, na naandika ukweli, ilikuwa aibu ya ule mkono wa traksuti niliouloweka bafuni. Cha pili ulikuwa udadisi. Nikamwandikia: sawa, lakini kwa nini traksuti? Nimefunikwa kutoka kidevuni mpaka kifundoni. Mama yangu angeniona angesema binti kajistiri. Hapa Dubai hata mlinzi wa duka kubwa hawezi kunisimamisha. Mnaona nini?

Jibu lake lilikuwa refu kama mahubiri. Alisema ndiyo maana yenyewe. Uchi hauna kitu cha kuchafuka. Nguo ya michezo ni nguo ya nidhamu: kuna filimbi, kuna mstari, kuna namba mgongoni, kuna mtu aliyeamka mapema. Aliyeivaa anaonekana hakuna kitu kinachoweza kumpata. Kisha kinampata. Na kitambaa chenyewe kimeumbwa kwa kazi hiyo, alisema. Pamba hunywa, inabeba doa, inalegea, inasikitisha. Poliesta inayong'aa haikubali wala haikatai, uji huteleza juu yake taratibu na rangi zote mbili zinazidi kung'aa. Mistari myeupe humsaidia mtazamaji kuona umbali uliosafiri. Zipu iliyofungwa mpaka juu, hiyo hakuweza kuieleza, aliandika tu kwamba wapo watakaolia.

Akanieleza pia kwamba hawako kitu kimoja. Kuna kambi ya traksuti na kambi ya jezi za mpira, na hawa wawili wanavumiliana. Kuna kambi ya suti na tai, ambao hujiona wasomi. Kuna wa magauni ya harusi, ambao kila mtu anawaonea huruma kwa sababu ya gharama. Wamewahi kununiana miezi kwa sababu ya swali la kastadi: nzito au nyepesi. Nikasoma nikaona hii ni kamati ya harusi ya kwetu kabisa, bado mweka hazina tu.

Na kitu kimoja kilinikaa. Mimi na dereva huyu wa treni, tusiofanana kwa lolote, tuliisoma traksuti vilevile. Wote tuliamini inachosema: huyu mambo yake yako sawa. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa naomba isichafuke mpaka nifike kwa mama, na yeye alikuwa anangoja.

Kisha akauliza: "Je, uliulizwa?"

"Kuulizwa nini?"

"Kabla ya kumwagiwa. Na kabla ya kuwekwa mtandaoni."

Nikamweleza desturi. Ukimuuliza mtu kabla ya kummwagia, hiyo si siku ya kuzaliwa tena, ni kuoga. Alielewa, alisema hata kwao kuna mambo ya hivyo. "Na video?" akauliza.

Nikaandika: hapana.

Jibu lake lilikuja papo hapo, na tafadhali zote zimetoweka, limebaki samahani. Alisema kwao hiyo ndiyo kanuni ya kwanza, kabla ya kastadi na kabla ya traksuti: mtu awe mzima, ajue, akubali. Bila hayo si mchezo wao, hata kama ndoo ni nzuri namna gani. Alisema anafuta aliyokuwa ameihifadhi na anakwenda kuwaambia wenzake. Sikuamini. Lakini kufikia jioni maoni yalikuwa yanapungua mbele ya macho yangu, moja moja, kama watu wanaotoka kanisani kimya kimya. Wengine waliacha neno: samahani, dada. Walibaki wachache, na hao ndio ambao tangu mwanzo hawakuwahi kusema tafadhali.

Hapo ndipo hasira niliyokuwa nikiitafuta ilipokuja, na haikuja upande niliouandalia. Hapa nchini kumpiga mtu picha bila ridhaa yake ni kesi, kila mtu anajua. Mkenya mwenyewe akirekodi kwenye metro huziba kamera kwa kiganja mke wa mtu akipita. Sura ya mgeni asiyemjua anaiogopa. Yangu mimi, anayekunywa naye chai kwenye kikombe kimoja, aliitoa bure.

Jumapili iliyofuata nilisubiri warudi wote. Mganda alipanda kitandani kwake na sahani ya wali. Mkenya alikuwa anaikagua simu, uso umemkunjamana.

"Mbona watu wanatoka? Juzi walikuwa wengi. Nani ameharibu?"

"Mimi," nikasema.

Wote wawili waligeuka. Nadhani zaidi ni kwa kusikia sauti.

Nikawaeleza. Nilieleza vibaya, kwa kurudia rudia, nikiangalia miguu yangu, lakini nilieleza yote: treni, kastadi, kambi ya suti na tai. Nilipofika kwenye zipu Mganda alitema wali.

"Banange! Kumbe nilikuwa nawapikia watu!"

Mkenya alipiga kelele, akacheka, akajifunika uso na mto, akacheka tena humo ndani. Kisha akautoa mto, na uso wake ulikuwa wa biashara.

"Sasa? Mtazamaji ni mtazamaji. Hakuna goti limeonekana hapo. Hata polisi wa Dubai wakikaa wote waangalie, watasema mashallah, msichana amevaa vizuri."

"Naomba uifute."

"Bongo, hapana."

"Naomba."

"Skiza. Hii ndiyo kitu ya kwanza imenishikia tangu nije hii nchi." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ya kwanza. Nimeosha choo miaka minne. Hao watu wanajua jina ya ukurasa wangu."

Hilo lilikuwa kweli.

"Yeye hakuulizwa, nyabo," Mganda akasema kutoka juu.

"Na wewe si ndiye ulimwaga?"

"Nilimwaga. Mimi si kamera. Nikimwaga, anaoga, khalas."

"Nitafunika uso yake. Naweka ua hapo. Kubwa. Alizeti."

Nilifikiri kuhusu alizeti. Kwa kawaida mahali hapo ningesema sawa, halafu ningeandika kurasa tatu.

"Na kicheko?" nikasema. "Kicheko nacho ni changu."

"Kicheko haina sura!"

"Basi jimwagie wewe. Traksuti nitakuazima. Mganda ataleta ndoo. Watu wazima wanaokubali, ndivyo wanavyotaka. Watarudi wote."

"Mimi?" Mkono wake ulikwenda kichwani wenyewe, kwenye misuko aliyotoka kusukwa Ijumaa, akaishika yote kama mtu aliyesikia upepo. "Kastadi? Mbele ya watu? Na hizi nywele? Wewe una wazimu?"

Mganda alikuwa anatafuna polepole, anamwangalia. Mkenya alibaki ameshika nywele. Nikaona anaisikia sentensi yake mwenyewe, haraka haraka kwanza, kisha pole pole. Hakusema ameelewa. Hajawahi kusema ameelewa kitu chochote tangu nimjue. Alinirushia simu kitandani.

"Bonyeza wewe. Mimi siwezi kuua."

Nikabonyeza. Simu ikaniuliza kama nina uhakika. Hata simu inauliza. Nikabonyeza tena.

Sikudanganyika kwamba imekwisha. Dereva wa treni alishaniambia kwamba kilichotoka hakirudi chote, zitabaki nakala kwenye simu za watu wasioomba samahani, na simu ya madam wa Al Warqa bila shaka ni mojawapo. Lakini mlango ulioko kwetu ulifungwa, na aliyeufunga ni mimi. Nilimwandikia kumjulisha. Alishukuru, kisha akauliza, kama si usumbufu, kama anaweza kubaki na jibu langu la shwa-shwa, maneno peke yake. Nilimruhusu.

Usiku huo Mkenya alilala ameelekea ukutani, na hata mgongo wake ulikuwa umeninunia.

Asubuhi iliyofuata tulisimama kituoni kama kawaida, sare za kijivu, mifuko ya vyakula, mabasi ya kampuni yamepangana barabara nzima na taa zake zinawaka. Nilisimama mbali naye kidogo. Yeye akatoa simu akaanza kuyarekodi mabasi, taratibu, kutoka la kwanza kuja la mwisho. Alipofika upande wangu mkono wake ukasimama.

"Madam," akasema. Hilo neno tunaliweka kwa waajiri, na alilisema kwa ukali wote aliokuwa nao. "Naomba kibali. Kiwiko chako kimeingia kwa video yangu. Nikitoe ama nikiache?"

"Kiwiko kina nini?"

"Nauliza tu! Si mnataka kuulizwa? Nauliza!"

Mganda alianza kucheka nyuma yetu. Mtu wa mbele akageuka kutazama. Nilisikia uso ukipata moto, nikaangalia kiwiko changu ndani ya shati la kijivu, kiwiko cha kawaida kabisa, ambacho hakuna kambi yoyote duniani ingekigombania.

"Kiache," nikasema.

"Sawa."

"Yalla, yalla!" dereva akaita kutoka dirishani.

Mkenya akainua simu tena. Nikasogea hatua moja upande wake, bega nalo likaingia.